Mbaazi za Majivu

Niko edani, kwa hivyo siendi popote. Nalitanguliza hili kwa sababu jirani zangu hapa Satellite wameniuliza mara nyingi kama naumwa miguu. Siumwi kitu. Mume wangu alifariki mwanzoni mwa mwezi wa tisa, na kwetu mwanamke aliyefiwa na mume hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hajipambi wala hajitii manukato, na hatoki ila kwa dharura. Kuna wanaokiona kama kifungo. Mimi nilikuwa karani mjini miaka thelathini na mbili, nikipanda na kushuka ngazi za ofisi ambayo lifti yake ilikuwa mgonjwa wa kudumu, na nasema wazi kwamba kukaa nyumbani bila kuulizwa faili liko wapi si adhabu kubwa kama wanavyodhani.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya wiki ya saba. Mvua za vuli zilikuwa zimeshika, zinanyesha usiku na kutuachia asubuhi. Niliswali, nikanywa chai ya tangawizi, nikavaa viatu vya mpira vya marehemu ambavyo miguu yangu inapotelea ndani, nikatoka uani. Bustani yetu ni ndogo. Magorofa mawili yamejengwa huku na huku yakatunyang'anya nusu ya jua, lakini mume wangu hakuwahi kukubali kushindwa na gorofa. Ukutani kuna sukuma wiki, katikati kunde na mchicha, na karibu na mlango wa jikoni uko mrehani wangu, kitu pekee nilichopanda mwenyewe katika ndoa nzima. Nyuma kabisa kuna kipande kitupu cha hatua kumi kwa sita. Hicho kilikuwa cha mbaazi, na mwaka huu hakikuwa na kitu.

Nikaanza kupalilia. Sikuwa mtu wa jembe mimi. Nimezaliwa Mombasa, nyumba za kwetu zimebanana, na mboga tulizijua sokoni. Lakini wiki saba za kukaa ndani zimenifundisha kuitofautisha kunde na magugu, na mgongo nao umezoea. Watu wakinipigia simu wakidhani wataisikia sauti ya mgonjwa, huniuliza mbona nahema. Nawaambia nalima. Hawajui wanipe pole au hongera.

Ila asubuhi ile sikuwa napalilia tu. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya mfereji wa nje, nakagua kila jani lililochipuka kwenye matope, natafuta mche wa mbaazi. Mmoja tu ungenitosha. Nilichunguza majani ishirini na kitu, na yote yalikuwa magugu. Kwa nini nilikuwa natafuta, nitaeleza, na lawama naibeba mwenyewe tangu sasa.

Mume wangu alikuwa Mkamba wa Kitui. Tulikutana kazini, orofa moja, na siku aliyoamua kunichumbia aliniletea mbaazi mbichi kwenye bahasha ya serikali. Nilidhani ni barua za kuchapa. Baba yangu, aliyekuwa amehamia huku kufundisha madrasa mjini, alimwambia asome kwanza dini, na yule bwana akasoma miaka miwili, jioni baada ya kazi, akikaa mkekani na watoto wa miaka saba wanaomcheka matamshi. Alisilimu kwa moyo wake wote. Hakuniomba nimlipe kwa hilo, na mimi sikumwomba aache mbaazi zake.

Maana mbaazi zile hazikuwa za dukani. Zilikuwa za mama yake, mavyaa wangu, ambaye naye alizipata kwa mama yake. Mbegu kubwa, nyeupe, yenye madoadoa ya kahawia. Kila mwaka mume wangu alipanda mwezi wa kumi kabla mvua haijanyesha, punje mbili kila shimo, na alivuna mwezi wa nane mwaka uliofuata, kwa sababu baridi ya huku huzichelewesha. Akishavuna, alikaa barazani na uteo mapajani akazichambua moja moja. Zilizo na tundu, zilizosinyaa, zilizopauka, zote zilikwenda jikoni. Zilizo nzuri kuliko zote alizichanganya na majivu, ili wadudu wasiziguse, akazifungia ndani ya kopo la bluu na kuliweka stoo. Nilikuwa nikimtania kwamba angenichagua mimi kwa makini hivyo asingenioa. Alicheka, lakini kopo lile hakuliruhusu liguswe hata tukikosa mboga. Kwao mbegu hailiwi, alisema, hata njaa iwe imekaa mlangoni.

Na njaa ilikuwa imekaa kweli, si kwetu, kwa mama yake. Kitui mvua zilikosa misimu miwili mfululizo. Mavyaa alipanda mbegu yake msimu wa kwanza ikakauka, akapanda akiba msimu wa pili ikakauka pia. Majirani zake walishahamia zamani kwenye mbegu fupi za duka la pembejeo. Kwa hivyo zile za madoadoa zilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kopo la bluu, stoo yangu, Satellite. Mwezi wa nane alimpigia mwanawe akamwambia amgawie nusu. Mume wangu akamjibu atampelekea mwenyewe mvua ikikaribia.

Wiki mbili baadaye alfajiri moja aliamka kuswali, akakaa kitandani, akaniambia kifua kinambana. Kabla jua halijachomoza nilikuwa mjane.

Sisi tunazika upesi. Saa nane mchana alikuwa ameshaoshwa, ameswaliwa, amezikwa. Mavyaa alipanda gari la kwanza alilolipata akafika magharibi, na kaburi la mwanawe lilikuwa limeshafukiwa. Ni mama mwenye umri wa kuheshimiwa, Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, na kwao maiti humngoja mama. Kwetu maiti hamngoji mtu. Nilimweleza hivyo kwa heshima, nikijua hakuna maneno ya kulifanya liwe jambo dogo. Alinisikiliza, akasema, "Haya." Akakaa mkekani na wanawake wa kwetu waliojaa sebuleni, wengi wao asiowajua, siku tatu za matanga, kitambaa kichwani, mikono mapajani. Kisha akarudi kwake. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililoniumiza.

Katika siku hizo tatu mimi nilikuwa chumbani, na nyumba iliendeshwa na ndugu zangu kutoka mjini na Eastleigh. Walipika, walifua, walipokea watu. Asubuhi ya pili dada yangu alichungulia mlangoni akaniuliza, "Mbaazi mnazo? Watu washaanza kuja, nataka kuwaungia za nazi, wale na mahamri." Nikamjibu, "Tazama stoo." Ndivyo nilivyosema. Stoo kulikuwa na mfuko wa mbaazi za kula, kwenye rafu ya chini, na juu yake kulikuwa na kopo la bluu. Sikusema mfuko. Sikusema usiguse kopo. Nilikuwa nimekaa naangalia kanzu yake iliyotundikwa, na kopo halikunipitia akilini.

Niligundua mvua ilipoanza. Nilikwenda stoo kuchukua mbegu ili nipande, kwa maana nilikuwa nimekata shauri kwamba kipande kile hakitalala, nikakuta kopo limeoshwa likang'aa, ndani limetiwa sukari. Nikampigia dada yangu. Alifurahi kuulizwa.

"Mbaazi zile? Wacha! Zilikuwa tamu, sijapata kuona. Ila mwenzangu, zilikuwa zimejaa majivu, sijui shemeji alikuwa akizificha wapi, masikini. Nikaziosha maji matatu. Zile za mfuko zilikuwa mbovumbovu, nikazitupa."

Alizitupa zilizochambuliwa kwa kuliwa akapika zilizochambuliwa kwa kupandwa. Naye hana kosa. Kwetu mbaazi nzuri ni ya kutiwa tui, na mwanamke wa pwani akikuta majivu kwenye chakula ataona ni uchafu. Hata kuni alizopikia, aliniambia, zilikuwa zile fimbo kavu zilizoegemezwa nyuma ya stoo, zinawaka vizuri kweli. Yalikuwa mashina ya mbaazi zenyewe. Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa juu ya gunia la mkaa.

Siku iliyofuata mavyaa akapiga. "Mvua imefika huku," alisema. "Ile mbegu iko?"

Nikasema, "Iko, Mwaitu."

Nimekuwa nikimwita Mwaitu, yaani mama, kwa lugha yake, tangu nilipoolewa. Na sijui uongo ule ulitoka wapi. Mimi si mwongo. Ofisini walikuwa wakiniogopa kwa kusema kweli hata penye wakubwa. Lakini mama aliyekuwa hajamwona mwanawe akizikwa ananiuliza kama angalau mbegu yake iko, ulimi wangu ukasema iko. Akasema mjukuu ailete, yaani mwanangu. Mwanangu nilimweleza ukweli wote, naye akapanga kwenda Jumapili. Ndiyo maana Jumamosi ile nilikuwa magotini kando ya mfereji, mahali dada yangu alipooshea, nikitumaini kuna punje iliyoponyoka na maji matatu.

Mwanangu alifika saa tano kutoka Kileleshwa, anakoishi gorofa ya saba na maua mawili ya plastiki. Alikuwa amebeba maziwa, mkate, na mfuko wa karatasi aliouweka mezani kwa madaha.

"Mum, usistress tena. Nimepitia soko ya Kawangware. Fungua."

Nikafungua. Mbaazi, kilo mbili hivi, nyeupe, zenye madoadoa ya kahawia.

"Si ndizo hizi?" akasema. "Nimezunguka kila mama wa nafaka. Tunachanganya na majivu kidogo, tunaweka kwa kopo, kesho napeleka. Susu hatajua. Macho yake yenyewe siku hizi ni ya kubahatisha." Susu ni bibi kwa lugha ya babake, ndivyo anavyomwita mavyaa.

"Na zikiota?"

"Zikiota zitakuwa mbaazi! Mbaazi ni mbaazi, mum. Tumemzika buda juzi, Susu hajapona, unataka kumwambia tulikula mbegu yake na mahamri? Hiyo ni kumuumiza bure."

Alisema kwa upole, na ninampenda. Nilizimwaga kwenye uteo nikaenda kukaa barazani alipokuwa akikaa babake. Nikaanza kuzichambua. Nilijiambia nazitazama tu. Lakini mikono ilikuwa inazitenga, nzuri huku, mbovu kule, na baada ya nusu saa nilikuwa na rundo zuri ambalo hata mimi nisingelitofautisha na la marehemu. Jivu lilikuwepo, jiko lilikuwepo, kopo lilikuwepo. Kazi ya dakika tano.

Nitasema kilichonizuia, na si uchaji Mungu peke yake, ingawa mtu aliye edani anapaswa kuuchunga ulimi. Niliwaza mavyaa akipiga magoti shambani kwake na kilo mbili za sokoni, punje mbili kila shimo, akiamini anapanda mbegu ya mama yake na ya mwanawe. Akizipalilia miezi tisa. Akizila. Na mimi nikipigiwa simu kuambiwa zimezaa, nishangilie. Tulishamzikia mwanawe bila yeye kuwepo. Hilo lilikuwa na sababu yake ya dini na sitaliombea radhi. Lakini hili la pili lingekuwa la kwangu mimi, na sababu yake ingekuwa woga tu. Nikawa nimekasirika, na mimi nikikasirika huwa na nguvu.

"Nipe simu," nikamwambia mwanangu.

"Mum, please. Fikiria kwanza."

"Nimefikiria wiki mbili. Nipe simu."

Alinipa, akaenda kusimama bustanini, akinipa mgongo kama mtu anayengoja kishindo.

Mavyaa alipokea upesi. Nikamwamkia, tukaulizana afya, mvua, ng'ombe wake mmoja. Nilijua nikiendelea na ng'ombe nitaishia hapo, nikamkata katikati ya ndama.

"Mwaitu, nimekudanganya. Mbegu haipo. Siku ya matanga watu wetu waliipika, na mimi ndiye niliyewaelekeza stoo. Hawakujua. Mimi nilijua, lakini sikufikiri. Yote imeliwa. Hapa mtoto amenunua nyingine sokoni, inafanana, alitaka tukupelekee hiyo. Nimekataa. Nakuomba unisamehe."

Nikasikia kuku upande wa pili. Nikaitazama skrini kuona kama simu imekatika, haikuwa imekatika.

"Najua," akasema.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna mtu. Mimi nilikuwa hapo, si nilikuwa hapo? Waliniletea sahani. Nikaweka kwa mdomo, nikajua." Alizungumza taratibu, Kiswahili chake cha Kitui, neno moja baada ya jingine. "Nzuu yangu nitakosa kujua? Nimekula hiyo tangu sina meno. Hata na hiyo nazi yenu."

Nzuu ndiyo mbaazi kwa lugha yao. Niliuona mkeka, wanawake wa kwetu wakipokezana sahani, na yeye katikati yao na mbegu ya mama yake mdomoni. "Mbona hukusema, Mwaitu? Ungesema wangeacha. Huenda kopo lilikuwa na zilizobaki."

"Niseme nini? Watu wamekuja kulilia mtoto wangu, niwaambie wateme?"

"Na mbona uliponipigia ukaniuliza kama iko?"

"Nilitaka kujua kama utaniambia."

Hilo lilinipiga barabara. Nilisema tena nisamehe, akaniambia ninyamaze kidogo, kwa sababu alikuwa hajamaliza.

"Mimi nilifika mmeshamzika," alisema. "Uso sikuona. Mkono sikushika. Nilikaa hapo nikijiuliza nitarudi nyumbani nikiwa nimepata nini ya mtoto wangu. Halafu hiyo sahani ikakuja. Hiyo nzuu alipanda yeye. Alipalilia yeye. Alichagua na mikono yake, moja moja, vile nilimfundisha akiwa mdogo. Nilikula yote. Nikaomba ingine. Huyo dada yako akanijazia mpaka juu, na hiyo pia nikamaliza." Akapumua. "Mbegu ni mbegu. Tutapanda hiyo ya soko. Wewe panda huko, na mimi nipande huku, tuone."

"Sawa, Mwaitu."

"Na wewe?" akauliza. "Wewe ulikula?"

Nikakumbuka chumba, kanzu, mlango uliofunguliwa na kufungwa. Walikuwa wameniletea. Sahani ilikaa juu ya kabati mpaka ikapoa, dada yangu akaiondoa.

"Sikula," nikasema. "Siku ile sikutia kitu mdomoni."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Woi," akasema, na sauti yake ikashuka. "Pole. Pole sana, mwanangu."

Kwa wiki saba nilikuwa nimepewa pole na kila aina ya mtu, mlangoni, mkekani, kwenye simu, na kila mmoja nilimjibu "nishapoa" bila kukwama, kama tulivyolelewa kujibu. Yeye nilishindwa kumjibu. Nililia kwa sauti, pale barazani, uteo mapajani, mchana kweupe na madirisha ya magorofa yote mawili yakinitazama. Mwanangu alitaka kuja, nikamwashiria abaki alipo. Mavyaa hakunibembeleza wala hakukata simu. Alingoja mpaka nikamaliza.